Maji Yanayokubali Sabuni

Mwenzangu alikuwa anapima maji kwa sabuni. Tukifika mahali pageni, hata iwe msibani, ataomba maji ya kunawa, atasugua viganja na kipande cha sabuni, kisha ataviangalia kama mtu anayesoma barua. Povu likipanda, atasema hapa pana maji. Likigoma, likaacha utando kama wa maziwa yaliyokatika, atafuta mikono kwenye kanga na mahali hapo hatapasifia tena mpaka tunaondoka.

Ninaposema mwenzangu, nasema mke mwenzangu. Tuliolewa na mwanamume mmoja, mie kwanza, yeye baadaye, na mume huyo alikufa zamani akatuachia nyumba hii ya Gongo la Mboto na watoto. Watu walikaa wakisubiri tugawane mabati. Hatukugawana. Miaka ya mwanzo nilimchukia, na haki ilikuwa yangu, kisha nikachoka, maana kumchukia mtu anayeamka kabla yako akakuwashia moto ni kazi ngumu. Tukazeeka pamoja kama miguu ya kitanda kimoja.

Yeye alikuwa anafua nguo za watu. Ukitaka kujua kwa nini sabuni ilikuwa dini yake, anzia hapo. Visima vya huku kwetu vina chumvi. Maji ya chumvi yanakula sabuni, nguo nyeupe inatoka na rangi ya meno ya mvuta sigara, na mwenye nguo harudi. Kwa hiyo alitembea mpaka Ukonga na ndoo kichwani kufuata maji ya bomba, maji baridi tunayaita sie watu wa pwani, hata yakiwa yamepigwa na jua. Alirudi, akainama kwenye beseni, na mtoto wake wa kiume nikambeba mie mgongoni, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa na kazi. Mtoto huyo alikula povu, alivaa povu, alisomeshwa na povu.

Alipokua akaajiriwa kwenye bwawa, huko juu unakotoka mto unaoinywesha Dar es Salaam. Kazi yake, kutunza malango. Kwanza sikuelewa. Nilidhani bwawa ni shimo la maji, likijaa limejaa. Akaja likizo, akachuchumaa uani akatuchorea kwa kijiti. Kuna ukuta, akasema, nyuma ya ukuta kuna ziwa, na chini ya ukuta kuna malango ya chuma. Ofisi inatoa amri, yeye anazungusha usukani, lango linapanda kidogo, maji yanashuka mtoni. Yanapita kwenye mashine za umeme, yanapita mashamba ya mpunga, yanapita vijiji na ng'ombe wao, siku na siku, mpaka yafike kwenye pampu za jiji ndipo yaingie kwenye mabomba yetu. Mama yake alisikiliza yote hayo, kisha akauliza jambo moja tu, kama maji anayofulia yamepita mkononi mwake. Kijana akacheka akasema yamepita chini ya mkono. Tangu siku hiyo, bomba likianza kutoa, mwenzangu aliinua kichwa popote alipo na kusema, mwanangu huyo.

Sasa nije kwenye mwaka wa ukame.

Vuli haikuja kabisa. Masika yakaja ya kututania, manyunyu ya kulowesha vumbi tu, yakaondoka. Jua likakaa. Bomba letu, lililokuwa likitoka siku moja na kuruka moja, likaanza kuruka siku nyingi, kisha likawa linakohoa tu, unafungua unapata upepo na harufu ya kutu. Wauza maji wa mikokoteni wakapandisha bei, halafu wakapandisha dharau. Unamuuliza kijana maji haya ya wapi, anakujibu ya kwenye dumu, bibi.

Kijana wetu alipiga simu karibu kila siku. Sauti yake ilikuwa imekauka kama huko aliko. Alisema kwenye ukuta wa bwawa kuna rula kubwa iliyochorwa, ndefu kuliko minazi, ambayo siku zote sehemu yake ya chini huwa majini, na sasa anaona namba ambazo hajawahi kuziona tangu aajiriwe. Ziwa limerudi katikati kama chai iliyobaki kwenye bakuli. Pembeni ni matope yaliyopasuka. Na huku ziwa linashuka, simu zinapanda. Wa umeme wanataka maji yapite kwenye mashine. Wa mpunga wanasema mpunga umetoa masuke, ukikosa maji sasa umekufa. Jiji linalia. Akifungua kuwaridhisha wote leo, baada ya muda mfupi atakuwa analinda tope. Kwa hiyo ofisi inamwambia apandishe lango upana wa vidole, na kesho ashushe kidole kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mwaka ule, kuwanyima watu wote kidogo kidogo ili asije akamnyima yeyote kabisa.

Ila mtaani nani atakuelewa. Walijua mtoto wetu yuko bwawani, tulikuwa tumejisifu wenyewe miaka yote. Sasa sifa zikaturudi. Tukaitwa wenye bwawa. Jirani yangu anayeuza vitumbua, mwanamke mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi, akawa ananisalimia kwa kuniuliza kama leo nimelalia funguo au nimeziweka chini ya mto. Nilimjibu nimelalia funguo na zimeniumiza mbavu, aniletee vitumbua vya dawa. Tulicheka. Lakini wengine hawakucheka. Kuna mwanamke alisimama barabarani akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wana watoto huko juu wanafunga maji na kwao matangi yamejaa.

Na kweli tangi letu lilikuwa limejaa. Hilo ndilo tatizo.

Lilijaa mara ya mwisho bomba lilipotoka vizuri, na lilijaa kwa sababu mwenzangu aliniagiza. Alikuwa ameshaanza kuumwa, uvimbe ndani ya tumbo, na madaktari walikuwa wameshasema waliyokuwa nayo ya kusema. Alasiri moja nilikuwa namsuka, nywele zenyewe zimebaki za kusingizia, akaniambia bila kugeuka.

"Ukija kuniosha, unioshe kwa maji ya mwanangu."

Nieleze. Mie ni mwosha maiti. Wanawake wa upande huu, wengi wao, mikono yangu ndiyo ya mwisho kuwagusa. Nilijifunza kwa mama yangu, sikusoma zaidi ya darasa la nne, ila hilo nalijua kama ninavyojua jina langu. Kwa hiyo hakuniomba jambo la ajabu, kwamba mie nitamwosha lilikuwa linajulikana. Alichoomba ni maji. Akasema kijana hataweza kufika, anamjua, ukame huu hawatamwachia, na sie hatumweki mtu ndani akisubiri wasafiri. Na hata angefika, mtoto wa kiume hamwoshi mama yake, anakaa nje na wanaume wenzake mpaka jeneza litoke. Basi yafike maji yake, akasema. Yaliyopita chini ya mkono wake yanipite mie mwilini. Na akaongeza, kwa sababu alikuwa ni yeye, kwamba amefua nguo za watu maisha yake yote kwa povu jeupe, asije akaondoka duniani na sabuni imeganda mgongoni.

Nikamuuliza anakufa lini, nijue niyatunze mpaka lini. Alicheka mpaka akakohoa, na alipokwisha kukohoa nikaona ananiangalia, anangoja jibu. Nikamwambia nimesikia.

Basi nikatia kufuli kwenye koki ya tangi. Sie wenyewe tukawa tunanunua maji ya kisima kama watu wengine, tunaoga chumvi, tunapikia chumvi, na tangi limekaa uani chini ya paa, jeusi, limeshiba. Kila anayepita analitazama.

Siku moja jirani wa vitumbua akaja, na safari hii hakunitania. Binti yake alikuwa amejifungua. Maziwa hayajashuka vizuri, mtoto anachanganyiwa, na maji ya kisima hata uyachemshe namna gani yanamharisha. Alisimama mlangoni na dumu dogo tupu, hakulinyoosha mbele, amelificha nyuma ya kanga kama kitu cha aibu. Nikamwambia maji yale yana kazi. Hakuuliza kazi gani. Aligeuka aondoke, na hapo ndipo mwenzangu akagonga ukuta kutoka kitandani.

"Mpe," alisema. "Mwanangu hafungi lango lote."

Hilo alikuwa amelipata kwenye simu. Kijana alimweleza kwamba hata ziwa likauke vipi, lango haliruhusiwi kufungwa kabisa. Lazima kiasi fulani kitoke usiku na mchana, cha mto wenyewe, ili mto usife, samaki wabaki na viumbe wa huko chini mtoni wapate kunywa. Na vilevile, kuna mstari kwenye ile rula, maji yakishuka hapo hayaguswi hata mtu apige simu kutoka wapi. Kati ya mambo hayo mawili, akasema, ndipo kuna kazi.

Mwenzangu akaitisha ufito. Mjukuu wangu, anayesomea ualimu na ambaye nitamsifu mpaka mnichoke, akaukata ufito mrefu, akautumbukiza tangini mpaka chini, akautoa. Bibi yake mdogo akauweka mapajani, akaupapasa, akapima kwa shibiri kutoka chini. Akaonyesha kwa kidole. Mjukuu akaleta rangi yake ya kucha, nyekundu ya kung'aa, akazungushia mstari pale pale. Chini ya hapo ni maji yangu, mwenzangu akasema. Juu ya hapo ni maji ya mto.

Mie nilikasirika. Nilimwambia yeye ndiye atakayeoshwa, si mto, na atakapokuja kukaukiwa asinilaumu. Akanijibu kwamba atakapokuja kukaukiwa hatakuwa na mdomo wa kunilaumu, nisiwe na wasiwasi.

Tukaanza kugawa. Wenye watoto wachanga kwanza, wagonjwa, kisha mzee mmoja wa nyumba ya nyuma, Mmakonde mchonga vinyago ambaye vidonda vya miguu vilikuwa vinamuwasha kwa chumvi. Yeye aliniletea kijiko cha mpingo. Hapakuwa na msururu, mwenzangu alikataa msururu, alisema mtu aitwe kwa zamu yake, asisimame juani akajiona ombaomba. Alikuwa analala na anatawala. Kila alasiri nilitumbukiza ufito, nikamletea. Hakutaka nimwambie kwa mdomo. Alitaka aushike mwenyewe, aone ulipoishia kulowa, atelezeshe kidole mpaka kwenye mstari mwekundu.

Kijana akipiga simu, hawakuanza tena kwa kuulizana hali. Nilikuwa nawasikia, simu imewekwa sauti ya wazi juu ya mto.

"Lako limefika wapi, mama?"

"Langu lina shibiri bado. Lako?"

"Langu limebaki kidogo kugusa mstari."

"Umefungua sana wewe."

"Wa mpunga wamenililia, mama."

"Hata mie nimeliliwa. Punguza kidole."

Halafu wanacheka wote wawili, mmoja huko kwenye ukuta wake na mwingine kwenye godoro. Nilikuwa najifanya nachambua mchele. Nimezaa watoto, ninao, wananipenda, lakini hakuna aliyewahi kuzungumza nami hivyo, kama mafundi wawili wa kazi moja.

Na maneno ya mtaani yakaisha. Yule mwanamke aliyepaza sauti barabarani alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akamkanda mgonjwa miguu. Mwenzangu akamwambia mikono yake migumu kama ya fundi gereji, akaze hivyohivyo.

Maji yakafika kwenye mstari mwekundu. Siku hiyo mwenzangu aliushika ufito kwa muda mrefu, kisha akasema basi, fungeni. Nikafunga. Majirani niliwaambia yamekwisha ya kugawa. Sikuwaambia yaliyobaki ni ya nini. Wasia wa mtu hautangazwi, na hasa wasia wa kuoshwa, maana ni kama kumvua nguo kabla ya wakati. Tulijua sie wawili, na kijana, na mjukuu aliyepaka rangi. Hapo ndipo palipokuwa na ufa, nami sikuuona.

Alizidiwa. Tukampeleka hospitali, mie na mjukuu, tukakaa naye. Kabla ya kutoka nyumbani nilitumbukiza ufito, mstari ulikuwa umelowa sawasawa, nikaanika ufito ukutani nikaondoka na moyo mtulivu. Alikata roho asubuhi, jua limeshapanda, wauguzi wanabadilishana zamu. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja. Nilikiacha hapo mpaka mkono wake ukapoa.

Nilimpigia kijana mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mwingine. Nyuma yake nilisikia kishindo kama cha mvua kubwa, nikadhani huko kunanyesha. Kulikuwa hakunyeshi. Mvua ilikuwa imeanguka milimani, mbali, ziwa limepata kidogo, na asubuhi hiyohiyo amri ilikuwa imetoka apandishe lango kwa ajili ya jiji. Alikuwa na usukani mkononi. Mwenzake wa zamu alikuwa upande wa pili wa ukuta akisoma rula na kumpigia kelele namba. Lango halipandishwi kwa mara moja, linapandishwa kidogo, linaangaliwa, linapandishwa tena, ukikosea unamfagia mtu aliyeingia mtoni kuchota kwa kuwa amezoea mto mkavu.

Kisha akasema, "Mama mkubwa, msinisubiri." Na baada ya hapo, "Maji yake yapo?"

"Yapo," nikamwambia. "Yako kwenye mstari."

Nilikuwa sijui.

Habari ya kifo ilikuwa imetangulia kufika mtaani, mjukuu alikuwa amempigia jirani wa vitumbua ili watu waanze kukusanyika. Na watu wa kwetu, ukiwaambia kuna msiba, hawakai. Nani ataleta mkeka, nani ataleta sufuria, nani atapika. Na maji. Msiba ni maji, watu watatawadha, watakunywa, watakosha vyombo, na maiti. Wakajua tangi la wagonjwa limekwisha kwa kuwagawia wao. Wakachangishana, wale wale tuliowapa dumu, yule mwenye mtoto mchanga, yule Mmakonde wa miguu, yule mwenye mikono migumu, wakaita boza, lori la kuuza maji. Kufuli walilivunja kwa jiwe ili watu wapate kuchota, ila kwa kujaza halikuwa na maana, boza linamimina kwa juu. Wakalijaza tangi mpaka likafurika, sakafu ya ua ikalowa.

Tulipofika na mwili nikakuta ua una maji. Nilidhani bomba limetoka. Nikasema mwanangu huyo, kwa kumuiga yeye. Jirani wa vitumbua akanipokea, macho yamevimba kwa kulia, akanishika mikono yote miwili. Akaniambia msiba huu hautakosa maji, wamemjazia mwenyewe pomoni, ya kisima kirefu, safi. Aliyekuwa anawanywesha wao hawezi kuondoka na ndoo ya kuokoteza.

Nikautoa ufito ukutani, nikautumbukiza. Nilijua, ila nilitaka mkono wangu uone. Ulitoka umelowa wote mpaka juu. Rangi nyekundu ilikuwa chini huko, ndogo, imezama. Nikachota kwa kata, nikaonja. Chumvi.

Nilisimama pale nyuma ya tangi, na watu wanaingia na viti. Mjukuu wangu alinifuata, akaona uso wangu, akaelewa. Akaninong'oneza kwamba akimbie dukani alete katoni za maji ya chupa, yale yana povu. Nikamwambia povu yanalo, lakini hayakupita kwenye lango la mtu tunayemjua. Nikamtuma kimyakimya nyumba mbili tatu tulizozipa maji mwishoni. Akarudi mikono mitupu. Waliyapika, waliyanywa, yalifanya kazi yake. Bomba nililijaribu mwenyewe. Lilikohoa.

Jirani wa vitumbua alikuwa bado ananiangalia kutoka mlangoni, anangoja. Nikamwendea nikamwambia ahsanteni, mmefanya jambo kubwa. Na walikuwa wamefanya. Sina neno jingine hata leo.

Tukachimba ufuo chumbani kwake, lile shimo la kupokelea maji chini ya kitanda cha kuoshea, tukafunga mapazia, tukamlaza, nikamfunika kwa leso yake ya zambarau. Tulikuwa wanawake wanne. Niliosha kama nilivyoosha wengine, upande wa kulia, upande wa kushoto, mkono chini ya leso, bila kumtazama pasipostahili. Maji ya kwanza na majani ya mkunazi. Sabuni haikutoa povu. Niliisugua kwenye kitambaa, nikasugua tena, ikaganda, ikaacha utando mweupe kwenye bega lake, na nikawa nauondoa kwa kucha zangu, taratibu, kama mtu anayeondoa magamba. Wenzangu walidhani nalia kwa sababu ni mwenzangu. Nililia kwa sababu ya bega. Maji ya mwisho tukayatia karafuu maiti, nikammiminia kuanzia kichwani, na huku nikijiambia kwamba yake yamo humu, yamo, yako chini lakini yamo.

Alizikwa alasiri hiyo. Mahali pa mwanae palisimamishwa mtoto wangu.

Leso ile desturi inampa mwoshaji. Nikaianika kwenye kamba. Ilipokauka ilikakamaa kwa chumvi, unaikunja inalia kama karatasi. Sikuifua kwa maji yale. Niliiacha ininginie.

Kijana alipoachiwa akaja. Alifika kabla ya maji yake, basi la abiria linaushinda mto kwa mbio. Alikaa mkekani na wanaume, akasomewa, akapewa pole, akala alichopewa. Watu walipopungua akanifuata uani. Alikuwa amekonda, viganja vyake vina malengelenge ya ule usukani. Akalitazama tangi, akauona ufito ukutani. Mie najulikana kwa kusema kitu kilivyo. Nimewaambia watu maneno ya ukweli mpaka wakanihama. Siku hiyo niliomba asiulize.

Akauliza. "Povu lilitoka?"

"Halikutoka."

Nikamweleza. Sikutaja aliyeita boza, nilisema tangi lilijazwa kwa ajili ya msiba, na yeye amekulia hapa, hakuhitaji zaidi. Alichukua ufito, akaupindua, akaangalia mstari mwekundu, na akafanya alichokuwa akifanya mama yake, akatelezesha kidole kutoka mwisho wa ufito mpaka kwenye mstari, polepole, kama anasoma.

"Kwa hiyo yalikuwemo," akasema.

"Yalikuwemo."

Alikaa nasi akingoja. Hakusema anangoja nini, ila kila akipita kwenye bomba aliligusa. Likaja asubuhi, wakati nakaanga mihogo. Lilianza kwa kukohoa, likatema tope la kutu, likanguruma, kisha likanyooka. Mtaa mzima ukasikia ndoo. Jirani wa vitumbua alipiga kigelegele, akakikatiza katikati alipokumbuka kwetu kuna msiba, akaja mbio kuomba radhi. Nikamwambia apige tu, mwenyewe angependa. Mpaka leo hajui, na huwa ananiletea vitumbua vya moto kila Ijumaa, navila.

Nilipogeuka kijana alikuwa ameshaitoa leso kwenye kamba. Ameweka beseni chini ya bomba, lile beseni la mama yake lenye kiraka cha lami, na amechuchumaa mbele yake, mwanamume mzima mwenye mvi za kwanza. Akapitisha sabuni mara moja tu. Povu likapanda. Likajaa beseni, likamfunika vifundo vya mikono, likamwagika kwenye mchanga, na yeye anaendelea kusugua ile leso ambayo ilikuwa imeshatakata, pindo kwa pindo, kwa namna ile ile niliyomwona mama yake akisugua nikiwa nimembeba yeye mgongoni.

Niliiacha mihogo ikaungua.

Baadaye aliniuliza kama aikamue. Nikamwambia aitundike hivyohivyo, ichuruzike yenyewe.